Mtoto Hajalala, Mama Je?

Nani hasa aliamua kwamba usiku wa mtoto mchanga unaanza saa sita na kuisha saa kumi na moja alfajiri? Jibu lipo, na lina mwaka wake. Ni 1957, London. Watafiti wawili, Moore na Ucko, walifuatilia watoto wapatao 160 ili kujua ni lini wanaacha kuamka usiku. Ili waweze kuhesabu, ilibidi wachore mstari mahali fulani. Wakasema hivi: mtoto akipitisha muda wa kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri bila kuamsha watu, tumhesabu kuwa ametulia. Asilimia 70 walikuwa wametulia kufikia miezi mitatu. Mtoto mmoja kati ya kila kumi hakutulia mwaka mzima.

Ile asilimia 70 ndiyo iliyopanda ndege na kuzunguka dunia. Leo ukiingia kliniki yoyote Nairobi na mtoto wa miezi minne, kuna mtu atakuuliza kama "anakulala usiku", na ukisema hapana utaangaliwa kwa huruma. Yule mmoja kati ya kumi alibaki London. Kilibaki pia kitu kingine ambacho Moore na Ucko walikiona: watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa walikuwa wanaamka usiku zaidi ya wenzao. Kwa hivyo hata kwenye utafiti ule uliotupatia rula ya kuwapimia watoto, kulikuwa na kidole kinachoelekeza nyuma, kwenye leba. Wengi walikumbuka rula, kidole wakakisahau.

Nilianza kusoma mambo haya kwa sababu ya rafiki yangu anayeishi Umoja. Mtoto wake alikuwa anaamka mara tatu au nne kila usiku. Nesi alimwambia amemdekeza kwa kumbeba sana. Mama mkwe akasema maziwa yake ni mepesi. Jirani wa keja ya juu hakusema kitu, alikuwa anagonga sakafu tu. Katika maelezo yote hayo, hakuna aliyeuliza ujauzito wenyewe ulikuwaje. Ulikuwa hivi: alisimamishwa kazi akiwa na mimba ya miezi mitano, na mwezi wa saba alikuwa anapanda ngazi za ghorofa nne huku akishika ukuta kwa kizunguzungu, damu ikiwa chini. Nikajiuliza, kwani ni lini tulianza kuhesabu usingizi wa mtoto kuanzia siku anapozaliwa, na si kabla? Na ni lini mama alianza kuwa mshukiwa wa kwanza?

Kwa hilo la pili kuna mtu wa kutaja. Anaitwa Truby King, daktari wa New Zealand. Kabla ya kuwa bingwa wa watoto alikuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Seacliff, iliyokuwa na shamba la ng'ombe, na huko alijifunza kwamba ukiwapangia ndama chakula kwa vipimo na ratiba, wanakufa kidogo. Si utani. Kutoka kwa ndama akahamia kwa watoto wa binadamu, na mwaka wa 1907 likaanzishwa shirika la Plunket mjini Dunedin kueneza mafundisho yake. Mtoto anyonye kila baada ya saa nne kwa saa ya ukutani, na usiku asinyonye kabisa. Akilia, alie. Kumbembeleza ni kumharibu. Mwaka wa 1918 aliitwa London kufundisha Waingereza njia hiyo hiyo, na ikawa ndiyo akili ya kawaida ya vitabu vya malezi kwa miongo kadhaa.

Lazima niwe mwadilifu kwa mzee huyu. Alikuwa anapambana na vifo vya watoto, na usafi wa chupa aliosisitiza uliokoa maisha. Lakini alituachia pia wazo lisilotaka kufa: kwamba usingizi wa mtoto ni suala la nidhamu, na mtoto asiyelala ana mama mlegevu. Mama mwenyewe, mwili wake, hofu zake, damu yake, havimo kwenye hesabu. Ni kama ng'ombe wa Seacliff tu, anatakiwa kutoa maziwa kwa wakati.

Wazo hilo lilifika makoloni likiwa limevaa koti jeupe. Hapa Nairobi, Pumwani ilianza mwaka wa 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Kazi iliyofanywa hapo tangu siku hizo ni kubwa na siwezi kuibeza. Nusu ya watu ninaowajua mtaani walizaliwa Pumwani. Lakini lugha ya ustawi wa mama katika makoloni ya Uingereza ilikuwa lugha ya kufundisha: mwanamke Mwafrika ndiye mwenye ujinga, na mtoto ndiye ushahidi. Mshahara wa mumewe, kodi ya kibanda, chumba kimoja cha watu sita, hayo yalikuwa ya idara nyingine.

Mwaka wa 1973 mtu alikifuata tena kile kidole kilichosahaulika. Judy Bernal, akiwa Cambridge, Uingereza, alifuatilia watoto 77 tangu kuzaliwa hadi miezi 14, mama zao wakiandika shajara za siku za mwanzo. Alitaka kujua kama wale wanaoamka usiku wana mama wanaowadekeza. Alichokipata kiko mbali na mafundisho ya King. Watoto waliokuwa wakiamka sana walikuwa tofauti tangu siku zile za kwanza kabisa, kabla mama hajapata hata nafasi ya kumharibu mtu. Mama zao walikuwa wamepitia uchungu mrefu zaidi wa kuzaa, na watoto wenyewe walichelewa kidogo kulia na kuanza kupumua sawasawa. Kama kuna makala moja ya kisayansi ambayo ningeibandika kwenye ukuta wa kila kliniki, ni hiyo.

Sasa turudi nyumbani, maana miaka hiyo hiyo kulikuwa na kazi kubwa ikiendelea Kenya, na Wakenya wachache sana wanaijua. Kati ya 1972 na 1975, Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, jamii ya wakulima wa Kipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa nchi. Walihesabu usingizi wa watoto wa pale wakaulinganisha na wa watoto wa mijini Marekani. Mtoto wa Marekani wa miezi minne alikuwa anaweza kulala mfululizo saa nane hivi. Mtoto wa Kokwet wa umri huo: saa nne na nusu. Kwa siku nzima, mtoto wa Marekani alilala takriban saa 15, wa Kokwet takriban 12. Na wa Kokwet aliendelea kuamka na kunyonya usiku miezi mingi baadaye.

Kwa rula ya London, Kokwet nzima ilikuwa na tatizo la usingizi. Lakini pale hakuna aliyeliona kuwa tatizo! Mtoto alilala ngozi kwa ngozi na mamake. Akiamka ananyonya, wote wawili wanarudi usingizini, wakati mwingine mama bila kuamka vizuri. Mchana mtoto yuko mgongoni, wa mama au wa dada yake mdogo, analala popote usingizi unapomkuta. Hakuna mtu anayekimbilia matatu ya saa kumi na mbili unusu kwenda tao. Super na Harkness walisema kitu ambacho naona kilikuwa cha kimapinduzi kwa upole wake: kwamba kile ambacho Wamarekani walikiita ukuaji wa ubongo, kule kulala saa nane mfululizo, kwa sehemu kubwa kilikuwa ni ubongo kuzoea ratiba ya kazi ya wazazi.

Harkness hakuishia kwa watoto. Mwaka wa 1987 alichapisha makala kuhusu wanawake wa jamii hiyo wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua, akichunguza jinsi desturi zinavyoweza kumkinga mama na ule mfadhaiko wa baada ya kuzaa. Ukimsoma unaanza kuona kwamba usingizi wa mtoto wa Kokwet na utulivu wa mama wa Kokwet vilikuwa kitu kimoja, kilichoshikiliwa na watu wengi. Sisi wengine tunajua hilo kwa majina tofauti. Pwani kuna arubaini: siku 40 mama yuko ndani, anakandwa kwa maji moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Kwa Wakikuyu kuna njahi na uji, na wanawake wanaokuja mmoja mmoja na vikapu. Nyanya yangu alizaa watoto saba na aliponiambia kuhusu miezi ya kwanza ya kila mmoja, hakukumbuka nani alilala na nani hakulala. Alikumbuka nani alimletea kuni.

Hapa ndipo makala nyingi za aina hii husimama, zikapiga makofi kwa ushago na kuendelea na maisha. Mimi siwezi, kwa sababu ya John Cox.

Cox alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza aliyefanya kazi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo wazungu wengi waliamini kwamba wanawake wa Kiafrika hawapati huzuni ya baada ya kujifungua, eti jamii imewabeba vya kutosha. Cox akaenda Kasangati, nje kidogo ya Kampala, akazungumza na wanawake. Utafiti wake uliochapishwa 1979 ulihusu wanawake 263, wenye mimba na wasio nayo. Alikuta huzuni nzito na wasiwasi, tena wakati wa ujauzito wenyewe, si baada tu. Baadaye alipolinganisha mama wa Uganda na mama wa Scotland baada ya kujifungua, tofauti ilikuwa ndogo: takriban mmoja kati ya kumi Uganda, na wa Scotland juu kidogo tu ya hapo.

Aliandika pia kuhusu amakiro. Hilo ni neno la Kiganda kwa wazimu unaompata mama baada ya kuzaa, na ilisemekana unatokana na mama kutembea nje ya ndoa akiwa mjamzito. Nilisoma hapo nikacheka kicheko kibaya. Kumbe hatukuhitaji Truby King atufundishe kumlaumu mama. Sisi tulikuwa na kiwanda chetu. Tofauti ni kwamba amakiro angalau ilikubali jambo moja ambalo vitabu vya London vilikuwa vimelisahau: kwamba yanayompata mama na mtoto baada ya kuzaa yanaweza kuwa yalianza akiwa na mimba. Ilishika mahali panapofaa, ikampa lawama mtu asiyefaa.

Cox alirudi Scotland na somo la Kasangati kichwani, na mwaka wa 1987, pamoja na wenzake Holden na Sagovsky, akatoa kile kipimo cha Edinburgh ambacho leo kinatumika duniani kote. Maswali kumi tu. Mama anajaza kwa dakika chache. Swali la saba ni la werevu mkubwa. Halimuulizi mama kama analala, maana mama gani wa mtoto mchanga analala? Linauliza kama huzuni ndiyo inayomnyima usingizi. Kutenganisha mtoto aliyekuamsha na huzuni iliyokukesha, hiyo ni kazi ambayo hata mwenye mtoto mwenyewe mara nyingi hajaifanya.

Ushahidi mkubwa wa kuunganisha mimba na usingizi ulikuja kutoka Bristol. Huko walisajili zaidi ya mimba 14,000 za wanawake waliotarajia kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992, na wamekuwa wakiwafuatilia watoto hao hadi leo. Wengine sasa ni wazazi. Mama waliulizwa kuhusu wasiwasi na huzuni wakiwa na mimba ya wiki 18, kisha wiki 32. Mwaka wa 2007, Thomas O'Connor na wenzake walitoa matokeo. Mama waliokuwa na wasiwasi au huzuni zaidi katika ujauzito, watoto wao walikuwa na matatizo mengi zaidi ya usingizi wakiwa na miezi 18, na tena miezi 30. Na hata ukiondoa hali ya mama baada ya kujifungua, uhusiano ulibaki. Cha ajabu, jumla ya saa za kulala haikubadilika. Kilichobadilika ni namna: kuamka amka, kukataa kulala, ndoto mbaya.

Mwili unafanyaje hayo? Sehemu inayoeleweka inahusu kotisoli, homoni inayopanda tukiwa na presha. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto, kama askari wa geti. Inaelekea mama akiwa na wasiwasi mwingi kwa muda mrefu, askari huyo huchoka, na mtoto anapata zaidi ya mgao wake wakati ubongo unapojengwa. Halafu kuna melatonini, homoni ya giza. Mtoto tumboni hana saa yake mwenyewe. Anatumia ya mama. Melatonini ya mama inavuka kondo usiku na kumwambia kwamba nje kumeingia giza. Akizaliwa, mawasiliano yanakatika, na inamchukua kama miezi mitatu kuanza kutoa yake kwa mpangilio wa usiku na mchana. Katikati hapo anasaidiwa na maziwa: yale ya usiku yana melatonini, yale ya mchana karibu hayana.

Naomba usiichukue Bristol kama hukumu. Ni wastani wa maelfu, si utabiri wa mtoto wako. Wapo mama waliobeba mimba katika mateso na watoto wao wanalala kama magogo. Isitoshe, barabara hii ina njia mbili: mtoto asiyelala humwangusha mama. Melbourne, mwaka wa 2002, Harriet Hiscock na Melissa Wake walionyesha kwamba ukimsaidia mzazi na usingizi wa mtoto, hali ya mama nayo inapata nafuu. Sipendi makala zinazomtoa mama kwenye kosa la kudekeza na kumpeleka moja kwa moja kwenye kosa la kuwa na wasiwasi. "Tulia, usimharibie mtoto ubongo" ni sentensi ambayo haijawahi kumtuliza mtu yeyote.

Ndiyo maana ninayoipenda zaidi ni kazi ya Zanzibar, kwa sababu inagusa kitu unachoweza kukinunua. Watafiti walioongozwa na Katarzyna Kordas waliwauliza mama wa Zanzibar na wa Nepal kuhusu usingizi wa watoto wao wa miezi 6 hadi 18. Watoto wenye upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma walilala muda mfupi zaidi usiku na kuamka mara nyingi zaidi. Nchi mbili zisizofanana kwa lolote, jibu moja. Na watoto walipopewa madini ya chuma, muda wao wa kulala uliongezeka. Sasa unganisha na hili: akiba ya chuma anayozaliwa nayo mtoto huwekwa na mama, sehemu kubwa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mama asiye na damu ya kutosha, aliyeambiwa atumie vidonge akaviacha kwa sababu vinamtapisha na hana chakula cha kuvitanguliza, anaanza kumpa mtoto akaunti yenye salio dogo. Mwaka mmoja baadaye mtoto anaamka saa nane usiku na mtu anasema amedekezwa.

Ukiweka haya yote kando kwa kando na sheria zetu, unapata picha ya kuudhi kidogo. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mwanamke Mkenya likizo ya uzazi ya miezi miwili, na akiichukua anapoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa kulikuwa safari ya kwenda ufuoni. Ya 2007 ikaongeza ikawa miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka akaachiwa. Ni hatua, na wanawake waliipigania. Lakini hesabu: miezi mitatu ndiyo wakati mtoto anaanza tu kuwa na saa yake ya usiku. Wiki hiyo hiyo ndiyo mama anarudi ofisini, anaacha maziwa aliyoyakamua mchana yanywewe usiku au ya usiku yanywewe mchana, na analala saa nne ili awahi kazi. Mwajiri analazimika chini ya Sheria ya Afya ya 2017 kumtengea mahali pa kunyonyesha. Ukifanya kazi mahali penye chumba hicho na kina kufuli na hakijageuzwa stoo ya karatasi, wewe ni wa bahati.

Na hapo ninazungumzia mwenye barua ya ajira. Sheria hiyo haimfikii mama mboga wa Kangemi wala fundi wa nywele wa Kenyatta Market anayelipwa kwa kichwa. Kwake likizo ya uzazi ni akiba aliyoiweka mwenyewe, na arubaini yake inaisha siku akiba inapoisha, mara nyingi wiki ya pili. Hana dada mdogo wa Kokwet wa kumbebea; dada yuko shule, na ni vizuri yuko shule. Ana kibanda, ana mtoto mgongoni, na wateja wanaomwambia mtoto mbona ana macho hivyo, kwani halali?